Sare Iliyokawia Biryogo

Tangu azaliwe, Ilyasi hakuwahi kuchelewesha nguo ya mtu. Hilo lilijulikana Biryogo nzima, hapa Kigali, likajulikana Nyamirambo, na lingejulikana hadi Sonatubes kama watu wa Sonatubes wangekuwa na muda wa kusikiliza. Tena hakuwa fundi wa kumzungushia mteja futikamba kiunoni. Alikutazama mara moja tu wakati unaingia, akashika mkasi. Inasimuliwa kwamba kuna bibi harusi aliyempita juu ya pikipiki, kwenye mteremko, bila hata kupunguza mwendo, na Jumamosi yake akavaa gauni lililomkaa kama ganda linavyoikaa ndizi. Kasoro ilikuwa moja tu: shela lilikuwa kubwa mno, maana Ilyasi alimwona bibi harusi akiwa na kofia ya pikipiki kichwani.

Ndiyo maana Christella alishindwa kuelewa. Hii ilikuwa wiki ya nne, na sare yake haijaisha.

Ilikuwa Jumamosi ya umuganda, ile ya mwisho wa mwezi ambapo mtaa mzima hutoka kufanya kazi za jamii. Saa tano imepita kidogo, maduka ndiyo kwanza yanafunguliwa, na watu wanarudi kutoka kusafisha mitaro, viatu vimejaa udongo mwekundu. Christella alipanda ngazi mbili za baraza ya mafundi, mkoba kifuani. Ndani ya mkoba mlikuwa na barua ambayo alikwisha kuifungua na kuikunja mara nyingi hadi ikaanza kuchanika penye mikunjo.

"Bado," alisema Ilyasi kabla hajaulizwa.

"Sijasema neno."

"Umeingia na uso wa kuuliza."

"Na wewe umekaa na uso wa kuficha. Jumatatu saa mbili asubuhi, Ilyasi! Asiyefika na sare, nafasi yake anapewa mwingine. Imeandikwa humu."

Ilyasi akaangalia mguu wa cherehani kana kwamba jibu limeanguka huko. Alikuwa kijana mrefu, mikono yake myepesi, na kope ndefu ambazo wanawake wa mtaa walisema ni hasara kupewa mwanamume.

"Kitambaa kilichelewa, muganga wangu," alisema, maana ndivyo alivyomwita tangu ajue anasomea uuguzi.

"Kitambaa nilikileta mwenyewe."

"Basi vifungo."

"Vifungo nilivifunga ndani ya kitambaa."

"Umeme nao, unajua siku hizi..."

"Cherehani yako ni ya miguu!"

Kutoka upande wa pili wa baraza kikasikika kicheko kikavu. Alikuwa mzee Usumani, mtoboaji wa matundu ya vifungo. Kazi yake ni hiyo moja tu, miaka arobaini sasa, kwa mkono, kwa sindano na miwani iliyofungwa uzi sikioni. Hakuna shati Biryogo lililofungwa kifuani bila kupitia mikononi mwake. Aliweka kikombe chake cha chai ya maziwa juu ya kiti.

"Binti yangu, usimwonee kijana," alisema. "Unaulizia lile gauni la bluu lenye kola nyeupe? Mbona liliisha zamani! Nililitoboa mwenyewe, matundu saba na la nane la mfukoni. Ilikuwa Jumanne. Ngoja nikumbuke... Jumanne ya wiki tatu zilizopita."

Cherehani zote za baraza zikasimama. Hata redio ya kinyozi wa jirani ilionekana kushusha sauti.

"Mzee Usumani," alisema Ilyasi taratibu.

"Kwani ilikuwa siri? Ungeniambia! Siri watu huniambia kabla, siyo baada."

Christella hakupandisha sauti. Wanaomjua wangeogopa hapo. "Iko wapi?"

Ilyasi akainuka kwenye kigoda chake, akaondoa mto, akavuta kifurushi cha gazeti kilichokuwa chini yake.

"Umeikalia," alisema Christella.

"Imenyooka vizuri," alisema Ilyasi kwa sauti ndogo. "Haihitaji hata pasi."

Siku nyingine Christella angecheka. Miaka miwili alikuwa akicheka kwenye baraza hii. Alikuja mara ya kwanza kushonewa sare ya chuo cha uuguzi anachosoma sasa hapa mjini, akapimwa kwa jicho, akarudi nyumbani Rebero akilihisi jicho lile mgongoni kutwa nzima. Baada ya hapo mfuko wa kushoto wa sare ile ukaanza kuchanika. Ulichanika mara nne kwa mwaka, kila mara penye mshono barabara, kwa ustadi ambao ajali haina. Ilyasi aliushona kila mara bila kuuliza, na kila mara alichukua muda mrefu kuliko mtu anayeshona koti.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Kwa sababu ukiivaa utaondoka."

"Wiki tatu, Ilyasi! Wiki tatu naamka, najiambia, sare haijaisha, bado sina haja ya kuamua. Nalala. Naamka tena..." Akasita, maana ukweli ulimtoka kabla hajaupa ruhusa. Naye alifurahi kila alipoambiwa bado. Kucheleweshwa kulikuwa kumemsitiri. Jambo hilo likamzidishia hasira. "Mama anataka niende ili nisikuone. Amesali novena mbili, siku kumi na nane, magoti yamemvimba. Wewe unataka nibaki ili unione, umekalia gauni. Na mimi? Nani aliwahi kuniuliza mimi?"

"Nakuuliza sasa. Unataka nini?"

Christella akatoa barua mkobani, akaifungua tena.

Barua ilikuwa imetoka chuo cha wakunga cha masista, kule magharibi, juu ya ziwa Kivu, safari ya saa tatu za kona. Walikubali kumpokea, ila wangetambua mwaka wake wa kwanza tu. Wa pili angeurudia, kisha abakiwe na mingine miwili. Hapa Kigali alibakiwa na mwaka mmoja na nusu awe muuguzi kamili, na mshahara, na kofia yake. Mtu mwenye akili timamu anarudi nyuma akiwa amekaribia mlango?

"Nikienda," alisema mwishoni, "mama atasema novena imefanya kazi, kwamba wewe ulikuwa homa na nimepelekwa kubadili hewa. Nikibaki, atasema nimebaki kwa ajili ya mwanamume. Na siku utakaponiudhi, nami nitasema vilevile. Nitakutazama hapo ulipo na kuona chuo nilichokiacha. Unaona? Kila njia ina mtu amekaa katikati, na mtu huyo si mimi."

Ilyasi alikunja midomo. Halafu akamnyoshea kifurushi kwa mikono miwili, kama kinavyokabidhiwa kitu cha harusi.

"Nenda nyuma ya pazia ukajaribu. Nimekosa. Nilikuibia wiki tatu, na sikuziiba kwa furaha. Kila nikikaa nilikuwa nasikia vifungo vinanichoma."

Christella akapita nyuma ya pazia la kitenge lililokata kona ya duka. Alikuwa ametoa mkono mmoja kwenye blauzi aliposikia sauti barabarani ikigombana na dereva wa pikipiki, sauti ambayo angeitambua hata chini ya ziwa.

"Jembe ni mzigo gani? Jembe halina miguu! Nimeishika mwenyewe, wewe umeendesha tu!"

Ilikuwa ya mama yake.

Mama Spéciose, mfanyabiashara wa samaki wadogo wa ndagala, mzaliwa wa Bujumbura kwa wazazi wa Rwanda, mwanakwaya wa sauti ya pili, alipanda ngazi za baraza akitoka moja kwa moja umuganda wa Rebero. Buti zilikuwa na matope, kitambaa kichwani, na jembe begani. Ilyasi, ambaye hakuwahi kuonana naye ana kwa ana, alirudi nyuma hatua moja na nusu.

"Wewe ndiyo Ilyasi?"

"Ndiye, mama. Karibu. Karibu ukae."

Mama akakaa kwenye benchi la wateja na kusimamisha jembe katikati ya magoti. "Usiangalie jembe. Hii iko ya umuganda. Sikuja kupigana."

"Nashukuru, mama."

"Nimekuja kuchukua nguo ya mtoto. Kila siku namuuliza, ananiambia fundi bado. Mimi nikasema, huyu fundi mimi nimesikia sifa yake, hachelewi. Kama amechelewa kwa mtoto yangu, iko jambo."

Nyuma ya pazia Christella alisimama mguu mmoja, gauni limemfunika uso, hathubutu kuvuta pumzi.

"Liko jambo, mama," alisema Ilyasi. "Niliimaliza wiki tatu zilizopita. Nikaificha. Nilitaka asiende."

Mzee Usumani akapaliwa na chai.

Mama Spéciose alikaza mkono kwenye mpini wa jembe. "Na unaniambia mimi? Mimi ambaye nasali aende?"

"Yeye ameshajua. Nikikuficha wewe nitakuwa nimeanza kazi nyingine ya kuficha, na hii moja imenishinda."

"Unampenda?"

"Ndiyo."

"Yeye ni mkatoliki. Ubatizo, komunyo, kipaimara, vyote nimevisimamia. Wewe Ijumaa unaenda msikitini. Mtaishi namna gani?"

"Sijui, mama," alisema Ilyasi. "Hilo bado sijalipima. Ningekwambia najua, ningekuwa nakudanganya, na leo nimechoka kudanganya."

"Mana yanjye," alinong'ona mama, akimwita Mungu wake kwa Kinyarwanda. Ni wazi alikuja na majibu kumi ya kumjibu kijana mwongo, na hakuwa na hata moja la huyu. Akapangusa tope la buti kwa mpini wa jembe. "Mimi si mtu mbaya, unasikia? Mama yangu alinilea ugenini, nami nikamlea huyu ugenini mpaka tukafika hapa. Ninaogopa apotee mara nyingine, basi. Mtu akishahama sana, anashika alichonacho kwa nguvu."

"Ninaelewa."

"Huelewi, lakini umejibu vizuri. Haya." Akanyoosha jembe kuelekea kona. "Vile viatu vyeupe chini ya pazia, nilivinunua mwenyewe soko la Kimironko. Vitoke."

Pazia likasogea, na Christella akatoka amevaa sare ya bluu yenye kola nyeupe, uso umeiva kwa aibu.

Na gauni halikumkaa.

Hapo ndipo historia ya Biryogo ilitaka kupasuka vipande. Mabega ya gauni yalining'inia, mishono imeteremka hadi juu ya mikono. Kifua kilibonyea. Kola ilikaa mbali na shingo kama sahani iliyopotea meza. Mzee Usumani alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"La haula!" alisema. "Ilyasi amekosea! Leo nimeona kwa macho yangu!"

Mama aliinuka na kushika bega la gauni kwa vidole viwili. "Bega limefika mpaka huku! Hii ndiyo sifa yenyewe? Sha, mtoto yangu ataenda kwa masista amevaa gunia?"

Christella alimwangalia Ilyasi akitegemea kumwona ameumbuka. Hakuwa ameumbuka. Alikuwa akimtazama kwa lile jicho lake la kupima, ila safari hii lilikuwa na unyevu.

"Gauni halikukosea," alisema. "Mwenye gauni ndiye hayupo."

"Unasema nini, Ilyasi?"

"Siku ile ulipoleta kitambaa ulitoka moja kwa moja kwenye mazoezi ya kituo cha afya. Ulisimama hapo hapo ulipo. Ukanihadithia kitu, na mabega yako yalikuwa hapa." Akaweka kiganja hewani, juu kidogo. "Nilikata kwa mabega yale. Tangu siku barua ilipofika unatembea umejikunja kama mtu anayepita chini ya kamba ya kuanikia nguo. Ningeweza kulipunguza. Dakika kumi tu. Lakini sikuwa na moyo wa kumshonea huyu aliyejikunja." Akaelekeza kidevu kwa mama. "Mwambie mama ulichoniambia mimi."

"Mama anajua."

"Najua nini?" alisema mama Spéciose. "Hujaniambia kitu! Uliniambia, mama, barua imefika kutoka Kivu. Nikasema Mungu asifiwe, nikawasha mshumaa. Zaidi ya hapo mimi sijui."

Christella alimgeukia mama yake. Ilikuwa kweli. Mama alishika mshumaa upesi kiasi kwamba hakukuwa na nafasi ya kumwambia sababu, na yeye, kwa ukaidi, akamnyima.

"Alikuwa msichana mdogo, mama," alianza, akiangalia buti zenye matope. "Mimba ya kwanza. Alinishika kidole hiki, nikadhani kitakatika. Mkunga alikuwa mama mmoja mnene, anaimba chini chini kama anamenya viazi. Akaniambia, njoo, weka mikono yako hapa, usivute, pokea tu. Nikaweka. Kichwa kikaja. Moto, mama! Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba wanakuja wakiwa moto hivyo."

"Kama mkate," alisema mama bila kukusudia.

"Kama mkate. Lakini hakulia. Mkunga akampangusa, akamsugua mgongo, wala haraka hana. Akaniwekea mimi mikononi, akasema, endelea. Mimi! Nikasugua, nikasugua. Unajua alifanya nini? Alipiga chafya. Chafya, mama, kama mzee aliyevuta ugoro! Ndipo akalia. Yule msichana pale kitandani akaanza kucheka, machozi yanatiririka, anacheka. Akasema huyu anaitwa Kaze. Nikamshika Kaze nikasema kwa sauti, mbele ya kila mtu, hii ndiyo kazi yangu. Kuchoma sindano ninaweza, kuandika joto la mgonjwa kwenye fomu ninaweza, na ni kazi nzuri, lakini hii hapa ndiyo yangu. Nikapita kununua kitambaa cha sare kabla hata masista hawajanijibu, nikapanda pikipiki kuja kumwambia..."

Akanyamaza, kwa kuwa mama yake alikuwa amemshika mkono na hakuwa akimtazama usoni tena. Alikuwa akitazama bega.

Mshono ulikuwa umepanda. Ulikuwa umekaa pale hasa ambapo bega huishia na mkono huanza, wala haukuvuka hata kwa upana wa uzi. Kola ilikuwa imegusa shingo. Matundu nane ya mzee Usumani yalikuwa yamelala sawa juu ya vifungo vyake, na mwenyewe akavua miwani tena, safari hii bila kuifuta.

"Mwaka mmoja utaurudia," alisema mama polepole.

"Nitaurudia."

"Na kule baridi ya ziwa, na masista wakali."

"Najua, mama. Ninaenda." Alilisikia neno likimtoka na halikugonga mtu yeyote njiani. "Lakini usiihesabie novena yako. Simkimbii mtu. Nitakwenda, nitasoma, na nikirudi likizo nitakuja hapa mchana, kwa mlango wa mbele, na wewe utajua nimekuja."

Mama hakusema ndiyo. Ila jembe alilegezea mkono.

Christella akamgeukia Ilyasi. "Na wewe sijakusamehe."

"Najua."

"Wiki tatu."

"Nitapanda basi kila mwezi kuja kukuomba msamaha."

"Nani amekupa ruhusa ya kupanda basi?" aliuliza mama kwa ukali.

"Basi ni la watu wote, mama."

Mama Spéciose aliuma mdomo kuzuia kitu ambacho, kwa mtu mwingine, kingeitwa tabasamu. Akatupia jembe begani, akashuka ngazi ya kwanza, akasimama.

"Siku ya kumaliza chuo, wazazi wanavaa vizuri," alisema akiwa amewapa mgongo. "Gauni la kitenge. Utahitaji kunipima?"

"Nimeshakupima, mama. Ulipoingia."

"Nilipoingia? Nilipoingia nilikuwa na hasira. Mabega yalikuwa huku juu!"

"Niliyaona."

Mama alifikiri. "Basi ukishona, yashushe kidogo," alisema. "Miaka mitatu ni mingi." Akashuka barabarani kupatana upya na dereva mwingine kuhusu jembe.

Christella alibaki pale amesimama, mrefu kuliko alivyoingia. Kwa mazoea akatia mkono kwenye mfuko wa kushoto. Vidole vyake vikagusa kitu, vikarudi kukihakikisha. Gauni zima lilikuwa limeshonwa mishono miwili miwili, ya kudumu hadi wajukuu. Mfuko huu ulikuwa umeshikizwa kwa nukta nne tu za uzi mwembamba wa kubandikia, ule ambao mafundi huutoa kwa kuuvuta kwa kidole.

"Fundi," alisema. "Mfuko huu hautafika Krismasi."

"Haya," alijibu Ilyasi bila kuinua kichwa, akikanyaga cherehani kwa bidii kubwa. "Utauleta niuangalie."

Alikanyaga, akakanyaga, masikio yamemwiva, na Christella akaegemea nguzo ya baraza akimtazama kwa raha zake, maana cherehani haikuwa na uzi.